Picha Namba Sitini na Moja

Jumatatu, 2 Desemba 1996

Siku ya kwanza kazini. Ofisi ya mradi wa mikoko, nyuma ya soko la Kibiti. Dari limejaa popo. Harufu ya mikojo yao inaingia mpaka kwenye chai. Nimekunywa nusu, nusu nimemwaga dirishani — kumbe wote humwaga hapo hapo, ukuta una mistari ya kahawia. Kinyaa.

Kazi yenyewe: diski moja ya rangi ya dhahabu, ndani yake picha tisini na tatu za delta. Alizipiga Bi Ingrid, yule Mzungu aliyekuja Septemba. Kompyuta nyingine za ofisi haziwezi kuisoma. Inasomwa na mashine moja tu, ya Unix, iliyotolewa na chuo cha Ulaya ilipowachosha. Unaiandikia amri, herufi kwa herufi. Ukikosea inakujibu kwa Kiingereza kikavu. Nimeipenda. Mtu asiyependa kusema anaelewana nayo.

Kaka Fikirini, fundi kutoka Dar, ndiye aliyenielekeza. Kila faili lina picha moja kwa saizi tano. Ya kwanza kama stempu, ya tano kubwa ya kutengeneza bango. Unataja saizi, mashine inasaga, inatoa picha ambayo kompyuta za kawaida zinaifungua. Saizi ya nne huchukua dakika nane. Alikuwa akila karanga za mafuta, na vidole vile vile akaishika diski. Alipotoka nimeifuta kwa ncha ya mtandio.

Mashine ikisaga mimi naandika hapa. Daftari la jiografia, kurasa zilizobaki. Mtihani umekwisha, jiografia haina kazi tena.

Jumanne, 3 Desemba

Picha zinatoka zina ugonjwa! Mawingu meupe pe, kama yamemwagiwa chokaa. Watu wana nyuso za buluu. Wakata boriti wa Salale wamesimama kwenye tope kama maiti waliosahauliwa. Kaka Fikirini kasema ndivyo zilivyo, Wazungu hawajui kupiga watu weusi.

Sikuamini. Nimesoma maelezo ya ile amri, kurasa kumi na moja, kamusi mkononi. Kumbe kuna neno la kuongeza ili mwanga usahihishwe. Nimeliongeza. Mawingu yamerudi. Nyuso zimekuwa nyuso.

Alasiri kaja Mzee Mwinyimvua, mkuu wa ofisi. Kaka Fikirini kamwambia kwamba amehangaika nayo tangu asubuhi, hatimaye ameiweza. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nimeangalia sakafu. Yeye ananichukiza, lakini ile sakafu niliyoiangalia inanichukiza zaidi.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimefika sitini na moja. Ni mamdogo Subira.

Niandike kwa mpangilio. Mamdogo ni mdogo wake mama. Mumewe alikuwa mkata boriti, akafa Agosti, kaliwa na homa huko huko kambini. Mamdogo yuko eda, kwa Bibi, Ruaruke. Miezi minne na siku kumi haonekani na mwanamume wa kando. Hatoki, hapaki mafuta, havai rangi. Itakwisha Ijumaa ya tarehe ishirini.

Septemba nilikuwa kwa Bibi likizo ya wiki moja. Bi Ingrid kaja na kilo tatu za sukari, anataka kumpa mjane pole. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Bibi kaniuliza swali moja tu — ni mwanamke? Nikasema mwanamke. Mamdogo akaiona kamera shingoni, akaniuliza kwa jicho. Nikamwambia haina neno, ni mwanamke mwenzetu. Tukamwingiza chumbani. Kapiga mara mbili au tatu, kalia kidogo, kaondoka. Sote tuliona sawa. Hakuna aliyefikiri kwamba nyuma ya lile jicho la kioo kuna macho mengine yanasubiri.

Sasa yuko kwenye skrini, uso mtupu, shuka jeupe limeteleza mpaka begani. Mwanga wa kidirisha unampiga shavuni. Ni nzuri. Hilo ndilo linalonitia kinyaa, kwamba ni nzuri kuliko zote.

Nilichelewa kuifunga. Kaka Fikirini kasogeza kiti. "Duh, huyu mama ni bomba." Kamwita Mzee Mwinyimvua. Mzee kainama, kijiti cha meno mdomoni, kaangalia muda mrefu. Kasema hii ndiyo, hii ndiyo sura ya delta. Wageni wafadhili wanakuja tarehe kumi na saba, anataka bango lake ukutani, mita moja na nusu. Saizi ya tano.



Ijumaa, 6 Desemba

Wamemweka kwenye skrini ya kompyuta ya mapokezi. Kila anayeingia anamwona. Shaban dereva kamwona. Mlinzi kamwona. Muuza mihogo kasimama na beseni lake, kauliza huyu ni wa wapi.

Mzee Mwinyimvua aliniona nimesimama mlangoni pake. Kauliza, "Kuna tatizo, binti?" Nikasema hakuna.

Hakuna!

Jumamosi, 7 Desemba

Nimejaribu kufuta. Nakala niliyoitengeneza imefutika. Ile ya mapokezi pia, asubuhi kabla hawajaja. Saa nne Kaka Fikirini kaitoa tena kwenye diski, dakika nane tu, akanilaumu kwamba sina uangalifu. Nikaiandikia mashine amri ya kufuta namba 61 ndani ya diski yenyewe. Ikakataa. Diski ya namna hii huandikwa mara moja, huko kiwandani, basi. Inasomwa, haifutwi.

Nikafikiri kuikwaruza kwa msumari. Lakini picha zote zimepangana kwenye duara moja, sijui sitini na moja imelala wapi. Ningeua na wakata boriti, na watoto wa Mbwera, na yule bibi mwenye jembe la mpunga.

Chai ya leo ilikuwa na unyoya wa popo ndani.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, ofisi imefungwa. Nimekwenda Ruaruke. Nusu ya njia lori la nazi, nusu miguu. Mvua imekata barabara mahali pawili.

Bibi kanipokea kwa utani wake. "Mke mwenzangu, umekuja kunipokonya mume aliyekwisha kufa?" Sikuweza kucheka. Nimewaeleza wote wawili, Bibi na mamdogo, chumbani. Nilisema maneno mengi kuliko niliyosema mwezi mzima.

Bibi alikuwa anarudia, lakini alikuwa mwanamke yule, mie nilikuuliza ukasema mwanamke. Kama kwamba akilirudia tena mambo yatatengenea.

Mamdogo kauliza wangapi wamemwona. Nikahesabu kwa vidole — Fikirini, Mzee, Shaban, mlinzi, wa mihogo, maofisa wawili wa misitu. Nikaishiwa vidole vya mkono mmoja nikaingia wa pili. Akasema polepole, "Miezi mitatu na ushei sijatoka hata kuteka maji. Kumbe nilishatoka."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kaniuliza tu kama yule Mzungu aliniambia atazipeleka wapi zile picha. Nikasema kuna karatasi alileta, ya Kiingereza, mamdogo akaweka dole gumba. Nilimwambia siku ile kwamba ni ya kupokea sukari.

Sikumdanganya kwa kusudi. Sikuisoma. Niliona aibu kumweka mgeni asubiri nikisoma. Hilo ndilo nililolifanya, na nimeliandika hapa ili nisije nikasema sikulifanya.

Jumanne, 10 Desemba

Nimesema na Mzee Mwinyimvua. Nimeshika meza kwa mikono miwili. Nimemwambia huyu ni mamdogo wangu, yuko eda, naomba picha iondolewe.

Kachokonoa jino. Kasema hakuwa uchi. Kasema ni picha ya heshima, itasaidia mikoko na watu wa mikoko. Halafu katoa faili, kafungua karatasi, kanigeuzia. Dole la mamdogo, na chini yake, sehemu ya shahidi, jina langu kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

"Ruhusa mlitoa wenyewe, binti. Na mumewe amekwisha kufa, nani atalalamika?"

Huyu si mgeni. Ni mtu wa Mohoro, wa huku huku kwetu. Mama yake amekaa eda, dada zake watakaa, anajua kila neno nililosema. Ninatema mate kila nikikumbuka kile kijiti.

Alisema kesho nitengeneze saizi ya tano, mimi mwenyewe, maana mkono wangu mwepesi. Alhamisi Shaban anaipeleka Dar ikachapwe. Nikikataa, nisije tena.

Kaka Fikirini alisikia yote. Nilipopita mapokezi nikakuta ameshamtoa mamdogo kwenye skrini, kaweka rangi ya kijani tupu. Hakuniangalia. Kasema, "Ungesema, bwana. Mie ningejuaje?" Kisha kaniambia, hata hivyo, filamu yenyewe iko Ulaya kwa yule Mzungu. Nikamwambia najua.

Jumatano, 11 Desemba

Naandika ofisini. Sijui nitamaliza.

Saa tatu Bibi kaja. Katembea tangu alfajiri, tope mpaka magotini, kaniki yake nyeusi imelowa. Shikamoo zote kazipokea barazani, maji kakataa. Kasema ametumwa na binti yake kuangalia kilichochukuliwa, kwa kuwa mwenyewe haruhusiwi kutoka. Mzee Mwinyimvua kamkaribisha kwa maneno mazuri. Bibi kamwambia wanaume wote watoke chumbani. Mzee kacheka. Bibi hakucheka. "Mwinyimvua, mie namjua mama yako. Toka."

Wametoka. Na Kaka Fikirini, na Shaban. Mvua inanyesha, wamebanana chini ya bati la nje.

Nimemfungulia Bibi namba sitini na moja. Macho yake hayaoni vizuri, kasema ndogo. Nikaagiza saizi ya tano. Dakika ishirini na sita tumekaa, mashine inasaga. Ilipotoka haikuenea kwenye skrini, ikabidi niisogeze kipande kipande — paji la uso, jicho, kovu la utoto kwenye kidevu. Bibi kaweka kiganja juu ya kioo. "Kakonda mwanangu. Gizani mle sikumwona."

Kisha kasema funga.

Nimefunga. Nimefuta saizi ya tano. Nimefuta na nakala ya saizi ya nne. Zile nyingine tisini na mbili zipo, nimezigeuza zote vizuri, mradi haukosi mkoko hata mmoja. Nimemwambia Bibi, iliyobaki iko ndani ya hiyo diski tu. Na iko Ulaya.

Kasema Ulaya ni mbali, ya hapa kwanza. Kanyoosha mkono.

Nikabonyeza kitufe, diski ikatoka. Nikampa. Kaiweka kwenye upindo wa kaniki, kapiga fundo, kafunga kiunoni, kakaa kwenye kiti cha Kaka Fikirini kama mtu aliyekaribishwa.

Hii ni mali ya mradi. Najua inaitwaje. Jina langu litaandikwa tena kwenye karatasi, na safari hii nitaisoma.

Mzee anagonga. Anauliza kama tayari. Bibi ananiangalia, ananiachia mimi.

Anagonga tena. Sasa anasukuma, na mlango haufunguki. Ndipo nimeona kwamba komeo nimelisukuma mimi, sikumbuki saa ngapi. Anaita, Muzdalifa, fungua, wewe binti, kuna nini humo? Natafuta sauti. Ile niliyosema nayo Ruaruke ninayo, iko hapa kooni —