Mashine Ilikuwa na Kiu

Kizimkazi, Unguja
Alkhamisi

Kaka yangu mpenzi Haitham,

Assalaam alaykum. Shikamoo Kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na vumbi la magereji ya Tanga halikusumbui kifua. Sisi huku sote wazima, Alhamdulillahi. Mwanangu Zeyana keshaota meno mawili ya chini na kila kitu anakitia mdomoni. Mama huko mjini naye hajambo, ila kila nikenda kumtazama neno lake la kwanza ni kuniuliza wewe umepata wapi pa kulala.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani na namba mpya hukutuachia. Usi, jirani yetu, anakwenda Tanga kumuona dadake, ndiye niliyempa barua hii, na nimemuomba asirudi mpaka akupate. Nataka nikwambie habari ya mashine ya boti. Ugonjwa wake umepatikana, Kaka, na haukuwa wewe.

Unakumbuka mwenyewe ilivyoanza. Siku zile boti iko juu ya mchanga inapakwa deheni ya chokaa na mafuta, wewe uliihudumia mashine ukatia na mpira mpya kwenye pampu ya maji. Iliporudi baharini tu, ekzosi ikaanza vituko. Lile bomba la nyuma lililozoea kutema maji pamoja na moshi, likawa linatema funda moja kisha linakauka na kutoa mvuke kama sufuria ya mbatata. Wageni waliokwenda kutazama pomboo wakarudi wanakohoa, na bomba la mpira la ekzosi linanuka kuungua. Ukafungua pampu, ukakuta yale mabawa ya mpira yamekatika. Ukatia mwengine, nao ukakatika.

Hapo ndipo mume wangu Mcha aliposema kabla hujaigusa mashine ilikuwa nzima. Na mama yake, mavyaa wangu Bi Mwanakheri, akasimama pwani mbele ya watu wote akakwita mwizi, eti umechonga mpira wa kandambili ukatutilia sisi, na ule wa kweli umeuuza. Wewe ukajibu kwamba mashine haina ugonjwa, ina kiu, na ukaomba boti ipandishwe tena utazame chini. Wakakucheka. Mcha akakwambia chini kushapakwa, kweupe kama sahani, unataka kutazama nini huko, sura yako? Ukakusanya vyombo vyako ukaondoka. Mimi nilikuwa hapo hapo, mtoto begani, nikakutazama unavyokwenda.

Ulipoondoka Mcha akaleta fundi kutoka Chukwani, mtu wa maneno mengi, anajisifu kuwa mashine zikimuona tu zinajiwasha zenyewe. Akaifungua ile elbo ya chuma ambapo maji ya bahari yanakutana na moshi yakaupoza. Akaikwangua chumvi na masizi, akairoweka kwenye siki mpaka nyumba nzima ikanuka achari, akabadilisha na bomba la mpira. Tukashangilia. Boti ikaenda polepole vizuri tu, lakini Mcha alipoikaza kidogo, mvuke ule ule. Fundi akasema basi mashine yenyewe imezeeka, iuzwe chuma chakavu. Akapanda gari akaenda zake, na kwake zikajiwasha au hazikujiwasha mimi sijui.

Siku hizo nilikuwa na safari ya mjini kwa Mama, nikamwambia Mcha anipe ile mipira iliyokatika nikamuoneshe Hardik, yule mwenye duka la spea ulikokuwa ukinunua wewe. Mcha akanitazama tu, lakini akanipa. Nilipofika nikamueleza Hardik yote, hata yale ya kandambili, na hilo ndilo lililomchoma. Akaniuliza ni nani huko Kizimkazi anayesema duka lake linauza kandambili. Akitaka kandambili aende sokoni Darajani zimejaa tele, yeye ile mipira kamuuzia Haitham kwa mkono wake na ni ya kweli. Kisha akautwaa mmoja, akauzungusha kwenye vidole, akanionesha pale ulipokatika. Palikuwa pameungua, panang'aa. Akasema mpira mbovu hukatika tu, huu umeungua. Pampu ikizunguka bila ya maji ya kutosha, mpira unajisugua mpaka unakufa. Akasema sote tumeshughulika na moshi unakotokea, twende tukatazame maji yanakoingilia. Kaka, mashine ina kiu. Neno lako lile lile.

Niliporudi nikamwambia Mcha. Akanicheka, haya fundi Zuleikha, tuelekeze. Lakini akenda. Tukiwa kwenye boti akalivua bomba pale kwenye koki maji yanapoingilia, akaifungua koki. Hardik alisema maji yaruke kwa nguvu mpaka yatuloweshe. Yakaja kama mtoto anayekojoa. Mcha hakucheka tena.

Tukangoja bamvua. Maji yalipokupwa na boti ikalala mchangani, Mcha akaingia chini na kisu, na mimi nyuma yake. Ubavu wa kulia, karibu na mkuku, ndipo kilipo kile kipande cha shaba chenye matundu ambacho mashine inanywea maji. Hakionekani. Pote pameshonana, peupe, laini. Mcha akakwangua, ile deheni ikabanduka kama ganda la muhogo, na matundu yakaanza kutoka moja moja. Karibu yote yalikuwa yamezibwa ndi! Yaliyobaki wazi ndiyo yaliyokuwa yakiinywesha mashine ikienda polepole. Ikikimbia hayaitoshi.

Utajiuliza yamezibwa vipi. Wewe siku ile ya kupaka ulikuwa umekwenda mjini kununua huo mpira, ndiyo maana hukuona. Ilikuwa siku aliyofariki Mzee Wakil. Kazi ilikuwa haijafika nusu, na wanaume wote wakaiacha wakenda kuzika, kama ilivyo wajibu. Maji yalikuwa yanarudi. Mavyaa wangu akasema bahari ikiikuta boti hivi, deheni yote itakwenda na maji, tukae tunatazama? Basi tukafunga kanga viunoni, mimi na yeye, tukatia mikono kwenye ile chokaa na mafuta, mmoja ubavu huu na mwengine ubavu ule. Wanaume waliporudi maji yalishafika kwenye mbao, kazi imekwisha, wakashukuru, hakuna aliyeinama kutazama. Na aliyepaka ubavu wa kulia aliviona vile vitundu, akadhani ni vya wadudu wanaotoboa mbao, akavishindilia vizuri kwa kidole kwa nia njema ya kuokoa chombo.

Siku tuliyovigundua, watu walikuwa wameshajaa pwani kutazama. Mcha akatoka chini na lile donge jeupe mkononi, akauliza nani aliyepaka ubavu huu. Mavyaa alikuwa amesimama hapo na Zeyana mikononi. Nilimuona akafungua mdomo, kisha akaufumba.

Nikasema ni mimi.

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema mke wa Mcha kaipaka boti kama anakandika banda la kuku. Mwengine akaniuliza kama hata birika la chai nyumbani naliziba mdomo. Mcha akarudi chini kukwangua.

Sasa Kaka, ninalotaka ulijue ni hili, na kwa siku ile tulikuwa tunalijua wawili tu, mimi na mavyaa. Mimi nilipaka ubavu wa kushoto. Sikusema uongo ili nionekane mwema. Nilimtazama yule bibi, amesimama pale pale ulipokuwa umesimama wewe, na watu wale wale wamemzunguka, na mwanangu kamshika shingo. Nikaona siwezi kutazama mtu akiaibishwa mahali pale mara ya pili. Jina lako lilikuwa limeshasafika, nikafikiri inatosha. Kama nimekosea, nisamehe.

Siku ya pili yake niko jikoni, akaingia akakaa kwenye mbuzi akaanza kukuna nazi. Tokea niolewe sijamuona kukuna nazi nami nipo. Akakuna mpaka nazi ikaisha, kisha bila ya kuninyanyulia macho akasema ubavu wangu ulikuwa wa kushoto. Nikamwambia ndiyo, Mama. Akaniuliza kwa nini basi nimejitia mdomoni mwa watu. Nikamwambia nazi inatosha. Akanyanyuka akenda kumwita mwanawe, wakakaa chumbani muda mrefu, na Mcha alipotoka hakuniangalia usoni. Alikwenda akaosha mikono ilhali ilikuwa safi. Kisha akaniuliza wewe uko gereji gani huko Tanga.

Anataka kuja mwenyewe kukuomba radhi. Nimemwambia barua itangulie, usije ukamkimbia.

Mashine sasa ni nzima. Bomba la nyuma linatema maji mpaka raha, na Mcha kila akirudi na wageni anaitia kiganja ile elbo, anaisikilizia baridi yake kama anayempima mtoto homa. Lakini mafuta yake ya kubadilisha yamefika wakati, na fundi mwengine hataki aiguse. Chumba cha uani nimekifagia, kitanda nimekitandika. Rudi Kaka. Ukiona vigumu kulala kwetu, lala kwa Mama, ilmradi uwe Unguja.

Mcha anakusalimu sana, anasema umuitikie japo kwa matusi. Mama anakuombea dua. Hardik naye kasema ukifika upite dukani. Zeyana anakubusu kwa mate yake yote.

Salamu za Bi Mwanakheri sikuzitia humu. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akakataa. Anasema yeye hakukwita mwizi kwenye karatasi. Alisimama pwani akapiga kelele mpaka walio majini wakasikia, basi na haya mengine atayasema pale pale, na kwa sauti ile ile. Anachotaka ni ujue siku ya kuja, watu wawepo.

Nduguyo akupendaye,
Zuleikha