Swali la Soksi ya Mkono

Riyadh, 2 Rajabu

Baba yangu mpendwa, Sheikh Abdulmaqsud,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta wewe na Mama mkiwa wazima. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Kwa kuwa sauti ya simu huisikii tena, nitakuandikia humu humu simuni, nawe ukuze herufi uzisome.

Tunaishi watano katika nyumba ya timu, na tunacheza ule mchezo wa vita wa kwenye simu tangu adhuhuri hadi isha. Ungeniona ungecheka. Kila kidole gumba nimekivisha kifuko chembamba kilichofumwa kwa uzi wa fedha, ili jasho lisikwamishe kidole kwenye kioo. Tena kuanzia kiganjani hadi kiwikoni nimevaa soksi ya kubana, ati inatuliza misuli. Bandar, mchezaji wetu wa akiba, hanipi nafasi: "Ewe Mmisri! Soksi umevaa mkononi, miguuni utavaa glavu?" Namjibu, "Kaa hapo benchi, ndugu yangu, siku ukipata kazi na wewe utavaa."

Mwenzangu mmoja ana swali, lakini anaona haya. Soksi yake inabana mno, na kuivua kwa kila swala ni mateso. Je, anaweza kupitisha maji juu yake anapotawadha?

Mwanao,
Nashaat


Disuq, 4 Rajabu

Mwanangu Nashaat,

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi tuko salama, ila magoti ya mama yako yanalalamika kwa baridi. Uzi wako wa fedha nimeutafakari tangu alfajiri hadi dhuha, nikaona pete ya fedha haijamdhuru mwanamume, basi vaa.

Ama swali la mwenzako, jibu lina sehemu mbili. Ikiwa soksi ni ya mchezo tu, aivue, hata mara tano kwa siku; raha si udhuru. Ikiwa pana jeraha au maradhi, na anachelea kwamba kuivua kutamdhuru, basi aoshe palipo pazima, apake maji juu ya soksi, na atayamamu. Ruhusa hiyo haina idadi ya siku. Inadumu hadi apone.

Mama yako alikuwa akisoma begani kwangu. Akasema, "Muulize huo mkono ni wa nani!"

Nikamwambia, "Ihsan, nimekalia kiti cha fatwa miaka arubaini, na sijamuuliza mtu jina lake. Anayekuja kwa kificho huheshimiwa kificho chake."

Akasema, "Kiti chako hakijazaa, Sheikh. Mimi nimezaa." Akaenda jikoni kukatakata mboga ya mlukhiya, na kisu kilisikika hata kwa masikio yangu haya.

Baba yako


Riyadh, 25 Rajabu

Baba mpenzi,

Assalaam alaykum. Hamjambo? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Samahani kwa kukaa kimya. Tumeshinda mara nne, tumeingia fainali.

Mwenzangu anakushukuru sana. Jibu lako lilimpa faraja, na tangu siku ile soksi haijatoka mkononi mwake. Ana swali jingine dogo. Asipoyahisi maji kwenye vidole, wudhu wake unasihi?

Mwanao,
Nashaat


Disuq, 25 Rajabu, baada ya magharibi

Nashaat,

Salamu na amani. Wudhu wake unasihi. Nimetanguliza jibu la elimu ili nisije kuulizwa kwalo mbele ya Mola wangu. Sasa nauliza mimi, na adabu ya kiti changu inisamehe: mkono ni wa nani?

Ivue hiyo soksi leo. Nenda kwa tabibu. Niandikie.

Baba yako


Disuq, 2 Shaaban

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Siku saba. Kila nikifungua kitabu ninasoma mstari mmoja na kuurudia, wala sielewi. Nililijibu swali nikamwacha muulizaji. Nilikwambia ruhusa haina idadi ya siku, na wewe ukaihesabia siku zako. Mama yako hanisemeshi, ila kunitilia chai. Jibu, walau neno moja.

Baba yako


Riyadh, 9 Shaaban, Jumanne

Baba,

Assalaam alaykum. Naandika kwa mkono wa kushoto, unisamehe makosa. Mkono ni wangu. Nadhani ulijua.

Maumivu yalianza kabla ya Rajabu. Nikikaza soksi yalipungua, basi nikaikaza, nikapaka maji juu yake, nikalala nayo ikiwa mbichi. Jana nimeivua. Ngozi imekuwa nyeupe, imekunjamana kama ya maiti aliyekwisha oshwa. Tabibu anasema mshipa wa fahamu umebanwa: nipasuliwe wiki hii na nisiguse mchezo, la sivyo kidole gumba hakitarudi.

Fainali ni Ijumaa. Hapa hakuna ajuaye. Nikisema, Bandar atakaa kwenye kiti changu, nami nitarudi Disuq na miaka yangu ishirini na mitatu, bila jina wala kazi. Mezani niliangusha kijiko, Bandar akaniuliza, "Vipi, mkono umelala?" Nikamwambia umelala. "Basi uamshe, bwana. Ijumaa hatuna mwingine kama wewe." Hata yeye ananitegemea, Baba. Ningefanyaje?

Nikikifunga kwa nguvu, kidole bado kinacheza. Mechi moja tu. Nipe ruhusa. Ikifika Ijumaa sijaona jibu, nitahesabu kimya chako kuwa ni radhi.

Mwanao,
Nashaat


Disuq, 9 Shaaban, saa ile ile

Mwanangu, nuru ya macho yangu,

Sikuruhusu. Sikuruhusu. Sikuruhusu. Mkono ni amana, si wako wala si wangu. Rudi nyumbani bila jina. Jina nilikupa mimi siku ya saba ya kuzaliwa kwako, na linakutosha. Nenda hospitali leo hii.

Baba yako


Disuq, 13 Shaaban

Mwanangu Nashaat,

Assalaam alaykum. Barua yangu ya Jumanne hujaifungua. Alama ya kusomwa haikutokea hata leo. Nimeelewa. Ulihitaji kimya changu, nami sikukupa, basi ukajitengenezea.

Tulikutazama. Majirani walijaa sebuleni, wakapiga vigelegele mlipotangazwa washindi, wakaleta sharbati. "Mabruki, Sheikh! Mwanao ameinua Disuq nzima!" Mimi na mama yako tulikuwa tukitazama mahali pamoja tu. Kombe uliliinua kwa mkono wa kushoto. Bandar akakushika wa kulia akauinua juu, na alipouachia ukaanguka kama kitambaa. Ihsan akasimama akauweka mtandio wake juu ya skrini. Wageni wakadhani ni furaha imemzidi.

Nimepata safari ya umra. Ndege yangu inaondoka Kairo kesho asubuhi, na nitapita kwako kwanza, popote watakapokuwa wamekulaza. Siji kukulaumu. Mwenye kulaumiwa ni mzee aliyeijua hukumu ya soksi asiujue mkono wa mwanawe.

Usiniandikie. Kwa mkono upi? Unisubiri tu. Elimu yetu inasema asiyeweza kutawadha peke yake hutawadhishwa na mwingine, na wudhu wake unasihi maadamu nia ni yake.

Basi wewe tia nia. Maji nitakumiminia mimi.

Baba yako