Baba Hasikii Tena Injini Ikigonga

Shangazi mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinitaje. Mimi ni binti wa miaka kumi na sita, hata darasani nikiulizwa swali najibu kwa kunong'ona. Baba yangu ni fundi wa magari ya mashindano, hana mashine ya kupimia, anaseti injini kwa sikio tu, anazungusha distributa, ile inayoamua cheche iwake lini, taratibu mpaka injini ianze kugonga, halafu anairudisha kidogo, basi, imekaa. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinikalisha juu ya tairi kuukuu, ananishikisha kipande cha mpira wa maji, ncha moja kwenye injini, nyingine sikioni mwangu, anauliza, "Haya mama, inacheka au inakohoa?" nami nikisema inakohoa anacheka mpaka spana inamdondoka, na ingawa shuleni tunafundishwa injini kwa lugha nyingine kabisa, hadi leo kichwani mwangu injini hucheka na kukohoa tu. Sasa shangazi, baba hasikii tena ule mlio mwembamba wa kugonga, anaufikia, anaupita, anafunga boneti na kujigamba, "Umeona? Masikio ya popo haya!" nami nangoja aende kunawa mikono, nafungua, nairudisha distributa mwenyewe, wateja wanamsifu, anafurahi, mimi roho inaniuma. Jumamosi baba mdogo anapanda mlima mashindanoni na gari aliloliongezea nguvu, kabureta mbili, silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya pistoni, imechongwa, na baba ataliseti palepale mbele ya umati, sitapata upenyo, na injini ya nguvu hizo ikienda inagonga, pistoni zitatoboka katikati ya kona. Nikisema, namvua baba nguo hadharani. Nikinyamaza, je? Natamani turudi siku zile za mpira wa maji.

Binti wa Fundi

Mwanangu,

Pole. Baba wa namna hiyo ni bahati, na naona unavyomlilia angali hai. Lakini acha nikukaripie. Kufungua boneti kwa siri unakuita heshima? Usingemrekebishia, gari la kwanza kurudi lingemwambia ukweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeficha hata si mgonjwa!

Usingoje Jumamosi. Leo, mkiwa wawili tu gereji, kabla hajafunga boneti mwambie, "Baba, bado inagonga." Usihutubu. Akifoka, "Inagonga wapi wewe?" usirudi nyuma, mwombe arudishe kidogo, kidogo tena, kisha useme, "Hapo." Atanuna. Mwache anune, ndiyo kwanza anapata habari za masikio yake. Kesho mwende hospitali wote wawili, huenda ni nta tu. Jumamosi yeye azungushe, wewe usikilize, na wanaotaka kushangaa washangae.

Akikataa katakata, mfuate baba yako mdogo kabla hajavaa helmeti, umwambie asipande. Kwa sauti, si kwa kunong'ona. Hasira za baba utazimudu. Yeye hatamudu kumwona mdogo wake akichomolewa kwenye gari aliloliseti kwa mkono wake.