Hedi ya Kitale kwenye joto la Kakuma

Kakuma, Ijumaa jioni. Jua limepiga tangu asubuhi bila hata kiwingu kimoja, na upepo uliokuja alasiri umeleta vumbi tu. Hata hivyo nina furaha, furaha tulivu ya mtu aliyesema jambo mbele ya watu na sauti yake ikatoka.

Anayenijua anajua kwamba hilo si dogo. Tangu nimalize kidato cha nne kule Lodwar na kurudi nyumbani, nimekuwa mtu wa kuitikia "ejok", yaani salama kwa Kiturkana, na kuangalia chini.

Mama huchanja mbuzi. Hubeba dawa katika sanduku la barafu nyuma ya pikipiki ya zamani aliyoachiwa na padri mmoja, ile ya mipigo miwili, ambayo oili na petroli huchanganywa kwenye tangi moja. Mwezi uliopita kifuniko cha silinda, ambacho mafundi hukiita hedi, kilipasuka akiwa kwenye njia ya kijiji cha Lopur. Alisukuma pikipiki mchangani hadi lori likamkuta. Dawa zote ziliharibika kwa joto. Alirudi midomo imekauka na kupasuka, akalala bila kula.

Basi hedi mpya haikuwa suala la mapambo.

Za kampuni iliyounda pikipiki hazipatikani tena. Binamu yangu Ewoi, mwendesha bodaboda, alienda kuitafuta mjini Kitale, maana huku kwetu kila kitu hutoka Kitale, kuanzia kabeji hadi misumari. Muuzaji alimpa hedi mbili za watengenezaji wengine, tuchague moja na nyingine irudi na gari la mizigo. Ya kwanza ina chumba kidogo cha kuchomea petroli, kwa hiyo inabana sana hewa na petroli kabla ya kuwaka. Ya pili ina chumba kikubwa, inabana kwa upole, na mapezi yake ya kupoza ni marefu. Muuzaji aliisifu ile inayobana. Alisema vijana wote wa Kitale wanaigombania.

Ewoi alipofungua begi, hedi zilitoka pamoja na chupa tupu ya plastiki. Alikuwa amekunywa maji huko juu Kitale, kwenye nyanda za baridi, akafunga kizibo. Ilipofika huku ilikuwa imebonyea kana kwamba imekanyagwa.

Niliitazama chupa kuliko nilivyozitazama hedi.

Hewa ya Kitale ni nyepesi, ya huku chini ni nzito, nayo ndiyo iliyoibonyeza. Kule injini huvuta hewa haba, na kuibana sana ni kuirudishia nguvu iliyopungua. Huku injini inajaa vizuri bila msaada. Ukiibana vilevile, katika joto hili, na kwa petroli ya chupa za kando ya barabara ambayo hujui imechanganywa na nini, moto utalipuka kabla ya wakati wake. Pistoni itatoboka. Na itatoboka mbali, mahali pasipo na lori.

Nililijua hilo Jumanne. Lakini kujua ni kitu kimoja na kufungua mdomo ni kingine.

Jumatano nilichukua bomba la sindano la zamani la Mama, lile la kuchanjia mbuzi, nikaondoa sindano yenyewe. Nilienda nalo kwenye gereji ya Papa Amisi, fundi aliyetoka Kongo, anayeishi hapa kwenye kambi ya wakimbizi. Nilizigeuza hedi juu chini zikiwa na plagi zake, nikazifunika kwa kipande cha plastiki chenye tundu, nikazijaza oili kwa bomba lile. Inayobana ilimeza oili pungufu kwa karibu robo kuliko ile ya pili. Papa Amisi alikuwa ananitazama nikipima.

Jana asubuhi na mapema, kukiwa na ubaridi, Ewoi alifunga hedi inayobana palepale gereji, Mama akitazama, akazunguka nayo peke yake. Kwa kweli iliruka kama swala. Alirudi akicheka meno yote nje.

"Mama, hii sasa ni ndege! Nunua helmeti."

Mama alikuwa anaanza kutabasamu. Papa Amisi akanigeukia. "Weye, mutoto wa sindano. Sema basi. Hapa hakuna mutu wa kukukula."

Masikio yangu yaliwaka. Nilisema kwa haraka, nikitazama gurudumu: "Tuijaribu saa saba mchana. Na sanduku likiwa limejaa. Na Mama mwenyewe akiwa juu."

"Daktari wa chupa huyo!" Ewoi akasema. "Unataka kuipima malaria?"

Lakini Mama alikubali, kwa sababu anayebebwa na pikipiki ni yeye.

Saa saba tulisimama kwenye lagga, ule mto mkavu wa mchanga. Mama alipoongeza mafuta, injini ikaanza kulia kama changarawe ndani ya mkebe. Papa Amisi alifungua plagi akiwa amezungusha kitambaa mkononi. Kwenye ncha yake palikuwa na vichembe vinavyong'aa, vidogo kama chumvi. Ilikuwa ni pistoni, imeanza kuyeyuka.

Papa Amisi alipendekeza tuongeze gasketi nene chini ya hedi ili isibane sana. Nilishangaa kusikia sauti yangu ikisema hapana, tufunge ile nyingine tu, imetengenezwa kwa kazi hiyo.

"Itakuwa pole," Ewoi alionya. "Kama punda mwenye mimba."

"Mbuzi wa Lopur hawana haraka," Mama akajibu. "Funga hiyo."

Leo alfajiri ameondoka nayo kuelekea Lopur. Sikula mchana. Niliamini hesabu yangu, ila hesabu haisukumi pikipiki mchangani.

Amerudi kabla jua halijazama, amejaa vumbi hadi kwenye kope, sanduku tupu. Amesema kwenye lagga ilichoka, akashuka na kuisukuma kidogo. Ewoi akapiga makofi, "Si nilisema?" Ni kweli, na naandika hapa bila kuficha: nimemnyima Mama kasi. Kisha nikafungua plagi mwenyewe. Kavu, rangi ya chai ya maziwa, ile ya injini inayochoma vizuri, bila kichembe chochote.

Mama aliishika kiganjani, akaigeuza. Hajui rangi hiyo ina maana gani. Akaniuliza kama iko sawa.

"Iko sawa," nikamwambia, nikimtazama machoni.

Akanawa uso, akaomba chakula, akala sahani mbili. Jumatatu anaelekea tena njia ya Lopur, mbali zaidi ya alikofika leo, na amelala mapema bila kuniuliza swali lingine.