Utepe wa Pili wa Shaba

Baba Doto, mume wangu,

Ni wewe uliyeanzisha haya majina siku tulipomzika Doto. Kabla radi haijampiga pale mlangoni pa jiko tulikuwa Baba na Mama Kulwa, kama wazazi wengine wa mapacha hapa Shinyanga. Ukasema Kulwa yupo, atajitaja mwenyewe, lakini Doto nani atamtaja?

Baada ya hapo ukawa mtu wa nyaya. Ulichimbia waya wa ardhi kila pembe ya nyumba, mpaka kwenye banda la kuku. Nikakuuliza kama na kuku wanaogopa radi. Ukacheka kidogo, na sikukusikia tena ukicheka.

Lakini transfoma ya jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba ulikokuwa fundi umeme, wewe bwana! Wewe mwenyewe ulinieleza, tukila ugali, kwamba kile kiini cha chuma kilichozama kwenye mafuta kinaunganishwa na ardhi mahali pamoja tu. Pakiwa pawili, umeme unapata njia ya kuzunguka humo humo na chuma kinaungua. Ulijua vizuri. Hata hivyo, siku mlipoifungua kuitengeneza, ulifunga utepe wa pili wa shaba kwenda ardhini. Nilipokuuliza kwa nini, ulinijibu kwa sauti ndogo.

"Na huo mmoja ukikatika, Mama Doto?"

Wenzako walisema umerukwa na akili, ila uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mafuta yakaungua yakawa meusi, jineri ikasimama katikati ya msimu wa pamba, wakakufukuza. Ukaenda Geita kuchimba dhahabu, ukaniambia utarudi mvua zikianza.

Mvua zilianza zikaisha. Akaja mchimbaji mmoja kusema duara lenu, lile shimo mlimokuwa mkichimba, liliporomoka, na waliokuwa chini hawakutolewa. Nilimfukuza kwa matusi, Mungu anisamehe, hata maji sikumpa. Tangu hapo kaka yako anataka tuweke matanga bila maiti, nami nakataa. Nina hasira nawe, hukuniachia hata kaburi la kupalilia. Kulwa alikuwa anauliza baba anarudi lini. Sasa haulizi.

Jana nilimwambia kaka yako sawa. Matanga ni Jumamosi, nami nitanyolewa nywele kama wajane wote. Nikishanyolewa, sitakungoja tena. Kwaheri, mume wangu.

Mkeo,
Mama Doto