Mfalme wa Ku Mugogo

Mururu, tarehe 14 Agosti 2001

Maman wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na kabla sijasema lolote nataka kujua habari za mguu wako. Christelle aliniambia ulishuka sokoni Kadutu peke yako kununua majani ya sombe. Nilifurahi, ingawa najua wewe ukisema umepona, maana yake umechoka kuulizwa. Mjomba Mirindi je? Kifua chake kimetulia? Msalimie sana. Mimi ni mzima, nyumba ya marehemu Papa bado imesimama, na vumbi la kiangazi limetuingia mpaka kwenye sufuria. Nimemwomba Christelle, anayekuletea barua hii, asiondoke mpaka umalize kuisoma. Mpe chai, Maman, na wewe ukae chini.

Huenda hata huko Bukavu mmesikia habari za mfalme wetu. Redio imemtangaza, padri amemtaja kanisani, na watu wanapanda kilima wakiwa wamevaa nguo za Noeli kwenda kutazama shimo. Wanasema ni Mwami wa Mvua, yule wa zamani sana kabla ya Wazungu, ambaye kaburi lake lilikuwa limepotea. Limeonekana kwenye kitongoji cha Ku Mugogo, chini ya Mururu, karibu na kile kijito tulichokuwa tukivuka tukitoka Bukavu kwenda kumwona Papa kazini kwenye mtambo wa umeme.

Aliyelionyesha ni mzee Nsabimana. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akija kwa Papa kuomba misumari na hasemi asante. Alikwenda kwa meya akasema mababu wamemjia usingizini, na kwamba ukoo wake ndio uliokuwa walinzi wa makaburi ya wafalme. Akasema pia jina lenyewe ni ushahidi, kwa sababu kwa Kinyarwanda cha heshima maiti ya mfalme haiitwi maiti, inaitwa umugogo. Hapo hajasema uongo, neno hilo lipo. Meya alifurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume uzeeni. Mahali penye kaburi la mfalme hujengwa uzio, huja wageni, na mashamba yanayozunguka hukabidhiwa ukoo wa walinzi. Na mashamba hayo, Maman, ni ya wajane.

Kwa kuwa nafundisha historia, niliitwa kwenye kamati ya kaburi. Nilisimama nikasema kwamba wazee wa kijito kile walikuwa wakituambia jina limetokana na gogo la mti lililolazwa pale kuwa daraja, maana umugogo ni gogo pia. Nsabimana alicheka mpaka akafuta macho, akaniambia mbele ya wote:

“Nyinyi Badubai muliacha Kinyarwanda kwa barrière, kule mupakani. Munasikia gogo, munawaza kuni.”

Wote wakacheka. Ndivyo wanavyotuita sisi tuliokulia Zaïre, Badubai, kama bidhaa ya Dubai inayong’aa dukani na kuvunjika njiani. Nilikaa chini. Nimezoea.

Meya alimleta mtaalamu wa kuchimba makaburi kutoka Butare, Bwana Izabayo, kijana mpole anayefuta miwani yake kila anapotaka kupinga jambo. Alichimba kwa mwiko na brashi, taratibu, huku Nsabimana akimsimamia kichwani kama mwenye nyumba anayejengewa choo. Mifupa ilipotokea, ngoma zilipigwa. Lakini Bwana Izabayo hakupiga makofi. Alituambia kwamba wafalme wa zamani walikaushwa juu ya moto kabla ya kuzikwa na kufungwa ngozi ya ng’ombe dume, na hapa hakuna dalili ya moto wala ngozi. Huyu alilazwa kifudifudi, shimo ni fupi, udongo bado mlegevu. Meno yake ni ya kijana ambaye jino la mwisho halijamaliza kutoka. Na kwenye mkono wa kushoto kuna bangili ya shaba, lakini nyuzi zake zina unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mhunzi wa zamani hawezi kuvuta shaba namna hiyo. Akasema hawezi kutia sahihi kwamba ni mfalme. Akaomba muda wa kupeleka mifupa ikapimwe.

Unajua walimjibu nini? Nsabimana alisema basi mfalme alikufa kijana. Meya akasema shaka ni ugonjwa wa watu waliosoma mno, na kwamba nchi iliyotoka tulikotoka inahitaji wafalme, haihitaji maswali. Maneno hayo aliyasema mdomo umejaa nyama ya mbuzi. Mafuta yalikuwa yakimchuruzika kidevuni, na mifupa ya yule mtu imelala mezani kando ya sahani zao, imefunikwa kitambaa cha maua. Kinyaa kilinishika, Maman, mpaka leo nyama siigusi. Jumamosi hii watamzika tena kwa ngoma, na Nsabimana atakabidhiwa fimbo ya ulinzi.

Sasa nifikie lile linalonifanya nikuandikie. Nimelizunguka vya kutosha.

Bangili ile ilipitishwa mkono kwa mkono ili kamati iione. Ilipofika kwangu, niliushika mkono wangu mwenyewe wa kushoto nikauficha ndani ya kitenge. Ni nyuzi tatu za waya wa umeme, zimesokotwa kinyume, kuelekea kushoto, na ncha zake zimerudishwa ndani zisikwaruze ngozi. Unamjua mtu mmoja tu aliyesokota hivyo, Papa, kwa sababu alikuwa wa mkono wa kushoto, na wewe ulikuwa ukimtania kwamba hata uji anaukoroga kwa kurudi nyuma. Moja alikupa wewe, moja mimi, na moja alimvisha mdogo wangu Hirwa akiwa bado mtoto, mkono ukakua, bangili ikakataa kutoka.

Sikulia mbele yao. Nilishuka hadi kwa mama Nyiramahoro, yule anayepeleka ndizi Bukavu kwa daraja la Rusizi II, mjane ambaye shamba lake linagusa shimo lile. Nilimwonyesha bangili mkononi mwangu. Aliutazama, akafunga mlango, akaniambia hivi, na nayaandika kama alivyoyasema:

“Ule haiko mwami, mwana yangu. Iko kijana tulikuta ku kijito wakati wa vita ya Bukavu, mwaka ya makumi tisa na sita. Balikuwa bamemuvula manguo yote. Tulimuzika mbio-mbio, mimi, bwana yangu na Nsabimana. Njo Nsabimana alichimba. Tuliogopa kuuliza ni mutoto wa nani.”

Kwa hiyo hakuna babu aliyemjia usingizini. Alijua pa kuchimba kwa sababu alichimba yeye. Kumzika mtu wakati risasi zinalia ni wema, na kwa hilo ningempigia magoti. Lakini kumfukua ili umfanye mfalme, uchukue mashamba ya wajane kwa mgongo wake, na mwenzako aliyekusaidia kumzika ndiye mjane wa kwanza atakayefukuzwa! La kuvunda halina ubani. Nikimwona njiani natema mate, na Mungu anisamehe, sijutii.

Maman, najua bado unawauliza madereva wanaotoka Uvira na Kisangani kama wamemwona. Najua shati lake jeupe bado unalipiga pasi. Ningetaka kuja kukwambia mwenyewe nikiwa nimekushika, lakini naogopa kuondoka, wasije wakamfukia kabla ya siku. Mwanao hakwenda mbali. Alivuka aje kwangu, kama ulivyomwambia, na alikuwa karibu kufika.

Bwana Izabayo nimemweleza yote. Hajaondoka, na bangili ameishika yeye. Mama Nyiramahoro amekubali kusema mbele ya watu. Nami Jumamosi nitautoa mkono wangu ndani ya kitenge. Lakini mwenye maiti ni wewe. Njoo Ijumaa pamoja na Mjomba Mirindi. Usiivue bangili yako, na lile shati jeupe ulilete.

Msalimie kila anayeniulizia huko. Mshukuru Christelle, umshike mkono kama ningekushika mimi. Mungu wa wajane akupe nguvu za kuvuka. Na pale darajani wakikuuliza kama na wewe unakwenda kumwona mfalme, waambie hapana, unakwenda kumzika mwanao.

Ni mimi binti yako,
Benitha wa Vénuste