Mjomba Anasukuma, Anayekanyaga ni Mimi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Mimi ni yule ambaye kwenye picha za harusi huonekana bega tu, na hata kukuandikia nimejikaza, maana nimefanya jambo nililodhani ni dogo na sasa limeota pembe. Mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye tunakaa naye, ndiye mpiga kinanda wa bendi yetu ya harusi, mama anaimba, na mimi hukaa kushoto kwa mjomba nikimbonyezea vitufe vya kubadilisha sauti, kwa sababu kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa ile lugha nyingine tunayosomea shuleni na yeye anasema macho yake hayana muda wa mambo ya watu. Kinanda kina vigurudumu viwili pembeni, kimoja ukikiachia kinarudi chenyewe, lakini cha pili, ambacho kitabu kinakiita cha modulesheni, ukikisukuma juu sauti inatetemeka, na kinabaki hukohuko mpaka ukishushe mwenyewe. Mjomba hakishushi. Anakisukuma mpaka mwisho, anafumba macho, anakisahau, na wimbo unaofuata unaanza ukiwa na homa. Bibi harusi mmoja alikwama katikati ya ukumbi asijue atembee kwa mwendo gani, mama akakosa pa kuingilia, watu wakasema siku hizi sauti yake imechoka, akaenda kulia jikoni, na mjomba akamfuata kumwambia, "Dada, jitahidi, leo kinanda kina hisia."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilitaka kumwambia, lakini mimi mbele ya watu wazima maneno hurudi tumboni, basi nikasubiri aende kuoga, nikaingia kwenye menyu ya kinanda, nikakiweka kigurudumu sifuri, yaani kinazunguka lakini hakifanyi lolote, na kazi yake nikaihamishia kwenye pedali niliyoificha chini ya kiti changu. Tangu hapo mjomba anasukuma na mimi nakanyaga, kidogo tu, pale noti inapokuwa ndefu. Mshauri, tumekuwa wazuri. Mama anaimba bila wasiwasi, watu wanakuja kumshika mjomba mkono, ule ule wa kushoto unaosukuma kigurudumu, wengine wanamwuliza anaupaka nini. Naye ameanza kufundisha. Juzi alinikalisha akanionyesha namna ya kusukuma kwa roho, akasema, "Mpwa wangu, hiki hutakikuta kwenye kitabu chako." Wakati huo nilikuwa nimekanyaga. Nikasema ndiyo, mjomba.

Sasa hoteli moja inatafuta mpiga kinanda wa kudumu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi wamemwita akapige peke yake, kwenye kinanda chao, meneja akimsikiliza. Ameshawaambia wenzake kwenye karakana ya makochi anakofanya kazi kwamba hatarudi. Kigurudumu cha hoteli kinafanya kazi, na yeye amezoea kukisukuma mpaka mwisho. Nikimwambia nitamvunja moyo, nisipomwambia atavunjikia mbele ya watu. Na kuna jambo naona aibu kuliandika: kila wanapomsifu, roho inaniuma, natamani hata mtu mmoja ainame aangalie chini ya kiti. Nifanye nini? Au nijifanye mgonjwa siku hiyo?

Bega la Kushoto

JIBU

Bega la Kushoto, marahaba. Kujifanya mgonjwa ni kazi bure, kwani wewe hiyo Jumamosi hukualikwa.

Nilicheka, sikufichi, mpaka nilipofika kwa mama yako jikoni. Nakubali kuna wajomba ambao kuwaambia neno ni kama kusukuma kabati ngazini. Lakini mwanangu, ulimkalisha mtu kwenye usukani usioshika magurudumu, ukawa unaendesha wewe, na leo unashangaa kwamba anataka kuchukua basi? Kabla hujagusa hiyo menyu mjomba wako alikuwa na kosa moja, na dawa yake ilikuwa maneno mawili: mjomba, kishushe. Wewe ukaona heri usome kitabu kizima kuliko kuyasema hayo mawili. Eti heshima. Hiyo si heshima, hiyo ni kumfanya mtu mzima mwanasesere.

Na hilo la sifa lisikutie aibu, sikio unalo na mguu unao. Ila huwezi kujificha kisha ukanung'unika kwamba huonekani. Chagua moja.

Sasa sikiliza. Mtafute leo, akiwa peke yake, mama asiwepo. Mwonyeshe pedali, useme ni wewe. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na usikimbilie chumbani. Akitulia, kirudishe kigurudumu kazini mbele ya macho yake, lakini kwenye menyu kipe robo ya nguvu kwanza. Apige noti moja ndefu: asukume ikishaanza, ashushe kabla haijaisha. Kabla ya kila wimbo mpya, mkono uhakikishe kiko chini. Arudie mpaka mkono ujue wenyewe. Kisha ongeza kila siku kidogo mpaka nguvu zote, maana kinanda cha hoteli hakitamwonea huruma. Akishindwa kabisa, siku hiyo asikiguse. Wimbo haufi kwa kukosa kutetemeka, na hakuna meneja atakayeuliza. Na huko kwenye makochi arudi akaombe nafasi yake isitolewe kwanza.

Usiogope kwamba utamvunja moyo. Vidole vinavyopiga nyimbo zote hizo ni vyake, hukuvihamisha kwenye menyu yoyote, na hilo nalo mwambie, maana siku hiyo atalihitaji.

Umeniandikia mimi, nisiyemjua mjomba wako, kila neno alilopaswa kulisikia yeye. Basi inuka uende sasa hivi, kabla hujamaliza hata kunywa chai yako. Gazeti hili linasomwa karakana zote, na kuna fundi wa makochi ambaye muda huu anamwita mwenzake aje asikie.